Je, Wajua? Gavana wa Tai ya Kijani Aliyesema Afrika ni ya Waafrika

Je, wajua kwamba gavana wa zamani wa jimbo la Michigan, Marekani, alifika Nairobi Februari 1961 akatamka maneno machache yaliyowachefua walowezi na kuyafanya magazeti ya London yamtake atimuliwe kazini? Aliitwa G. Mennen Williams. Huku kwetu jina lake limefunikwa na vumbi, wakati wapo waliotufanyia machache kuliko yeye na barabara zimepewa majina yao. Safu ya leo ni yake yote.

Je, wajua kwamba Williams alikulia kwenye neema? Alizaliwa Detroit tarehe 23 Februari 1911. Babu yake mzaa mama, Gerhard Mennen, alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani aliyeanzisha kampuni ya Mennen mwaka 1878, kampuni iliyojaza poda na sabuni za kunyolea kwenye maduka ya Marekani. Kwa sababu ya sabuni hizo, mjukuu akabandikwa jina la utani la Soapy, nalo likamganda mpaka kaburini. Wapigakura wa Michigan hawakuwa wakimwita Gavana Williams. Walimwita Soapy tu, mbele yake na nyuma yake.

Wajua vazi lililomtambulisha? Tai ya kipepeo, ya kijani, yenye madoa meupe. Aliivaa mwaka nenda mwaka rudi, kwenye mikutano, bungeni, kiwandani na kwenye picha za magazeti, hadi ikawa ndiyo nembo yake ya kampeni. Hata asiyejua kusoma jina kwenye bango aliitambua ile tai.

Je, wajua kwamba familia yake ilikuwa ya chama cha Republican, na yeye mwenyewe alipokuwa Chuo Kikuu cha Princeton aliongoza klabu ya vijana wa chama hicho? Alihitimu mwaka 1933, wakati uchumi wa Marekani ulikuwa umelala chali na watu wamepanga foleni za mkate. Akaenda kusomea sheria Chuo Kikuu cha Michigan, na huko ndiko alikogeuka. Siasa za Rais Franklin Roosevelt, za serikali kumshika mkono mwananchi aliyeanguka, zilimwingia moyoni. Alipomaliza mwaka 1936 alikuwa Democrat wa kufa na kuzikana, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye bodi changa ya hifadhi ya jamii iliyosimamia sheria ya pensheni ya mwaka 1935.

Je, wajua nani alikuwa mwalimu wake wa siasa? Frank Murphy, na hapa inafaa tutue kidogo, kwa sababu bila Murphy huwezi kumwelewa Williams. Murphy aliapishwa kuwa gavana wa Michigan Januari 1937, wakati wafanyakazi wa General Motors mjini Flint walikuwa wameketi ndani ya viwanda na kukataa kutoka mpaka chama chao kitambuliwe. Wenye viwanda walitaka askari wawatoe kwa nguvu. Murphy aliita askari wa jimbo, lakini aliwaweka pale kulinda amani na akakataa kuwaelekeza kwa wafanyakazi. Tarehe 11 Februari 1937 General Motors ikakubali kuzungumza na chama. Williams aliingia ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Michigan chini ya Murphy, na Murphy alipopanda kuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani, kijana huyu akaenda naye Washington. Baadaye Murphy alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1944 alikuwa mmoja wa majaji watatu walioikataa hukumu iliyoruhusu Wamarekani wenye asili ya Japani kuondolewa majumbani mwao. Kwa maoni yangu, mengi ambayo Williams aliyafanya baadaye, Michigan na hata Afrika, ni masomo aliyoyapata kwa mtu huyu.

Je, wajua kwamba Williams alipigana Vita vya Pili vya Dunia? Alitumikia jeshi la majini miaka minne kama ofisa wa ujasusi wa anga, akiwa kwenye meli za kubeba ndege huko Pasifiki ya Kusini.

Je, wajua kwamba chama cha Democratic cha Michigan kilifufuliwa kwenye chumba cha chini ya nyumba? Mwishoni mwa 1947 kikundi kidogo cha watu kilikusanyika Detroit, chini ya nyumba ya Hicks Griffiths na mkewe Martha, waliokuwa mawakili na washirika wa Williams kwenye ofisi moja ya sheria. Michigan wakati huo ilikuwa ngome ya Republican, na chama cha Democratic kilikuwa kimebaki mikononi mwa wazee waliojali zaidi kugawana vyeo. Wale vijana waliamua kukichukua kuanzia ngazi ya kata, kwa msaada wa vyama vya wafanyakazi, hasa kile cha mafundi wa magari kilichoongozwa na Walter Reuther. Walihitaji mgombea ugavana, wakamsimamisha Soapy.

Na je, wajua kwamba mama mwenye nyumba ile alifika mbali vilevile? Martha Griffiths aliingia Bunge la Marekani mwaka 1955, na alikuwa mstari wa mbele kuhakikisha Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza ubaguzi wa kijinsia kazini. Baadaye akawa naibu gavana wa Michigan, kuanzia 1983 hadi 1991.

Je, wajua kwamba mwaka 1948 Rais Harry Truman alishinda nchi nzima lakini akashindwa Michigan, wakati Williams, aliyekuwa naye chama kimoja, alishinda jimbo hilo hilo? Alimwangusha gavana aliyekuwa madarakani, Kim Sigler. Kampeni yake ilikuwa ya miguu: alisimama kwenye malango ya viwanda saa za kubadilishana zamu, akipeana mikono na watu waliotoka kazini na mafuta ya mashine viganjani. Jioni alikwenda kwenye dansi za vijijini, zile ambazo jozi nne husimama kwa umbo la mraba na mtu mmoja huita hatua. Yule mtoto wa tajiri, mrefu kama mnazi, ndiye aliyekuwa akiziita hatua.

Wajua alishinda mara ngapi? Sita. Muhula wa gavana wa Michigan ulikuwa wa miaka miwili tu, kwa hiyo alirudi kwa wapigakura mwaka 1950, 1952, 1954, 1956 na 1958. Hakuna aliyekuwa amewahi kuchaguliwa mara sita kabla yake. Alikaa ofisini tangu Januari 1949 hadi Januari 1961, miaka 12. Ni William Milliken peke yake aliyempita baadaye, kwa miaka 14.

Je, wajua kwamba mwaka 1950 alishinda kwa kura 1,154 tu, katika uchaguzi uliopigiwa kura zaidi ya milioni 1.8? Mpinzani wake, Harry Kelly, aliyewahi kuwa gavana, alidhani ameshinda, na kura zikahesabiwa upya. Mwaka 1952 mambo yakawa karibu vilevile: Eisenhower wa Republican alizoa kura za urais Michigan, na Williams akapenya kwa kura zisizofika 9,000. Kwa wasomaji wanaoamini kwamba kura moja haina uzito, hizo ni tarakimu za kuzikata na kuzibandika ukutani.

Je, wajua kwamba nusura atekwe na wafungwa? Julai 1950 alikuwa akitembelea gereza la Marquette, kaskazini kabisa mwa jimbo. Wafungwa watatu wenye visu walimvamia, wakinuia kumtumia kama ngao ya kutorokea. Mlinzi wake alifyatua risasi, mfungwa mmoja akafa. Gavana alitoka mzima. Asingelaumiwa kama angeyakwepa magereza baada ya hapo, lakini aliendelea kuyashughulikia, na alihitaji kufanya hivyo, maana Aprili 1952 gereza kubwa la Jackson lililipuka kwa ghasia za siku kadhaa, wafungwa wakiwashikilia askari magereza na kudai hali bora. Msongamano na kupigwa ndivyo vilivyokuwa kiini cha madai yao.

Je, wajua kwamba Michigan imekatwa vipande viwili na maji? Kuna rasi ya chini, yenye Detroit na viwanda, na rasi ya juu, yenye misitu na migodi ya chuma na shaba. Kati yao ni Mlango wa Mackinac, unaounganisha Ziwa Michigan na Ziwa Huron. Mpaka miaka ya 1950 ulivukwa kwa kivuko. Msimu wa kuwinda paa ulipofika Novemba, magari yalijipanga barabarani maili baada ya maili, na watu walilala humo wakisubiri zamu. Aliyewahi kukesha Likoni au Kigongo akisubiri pantoni anawaelewa kabisa wawindaji wale.

Daraja lilizungumzwa tangu karne ya 19, kila kizazi kikaliacha. Wengi walisema haliwezekani: upepo ni mkali, barafu ya majira ya baridi inasukuma kwa nguvu, na mwamba wa chini hautabeba uzito. Williams alipoingia ofisini aliunda tume ya kuchunguza upya, na mwaka 1950 mamlaka ya daraja ikaanzishwa, chini ya uenyekiti wa seneta mstaafu Prentiss Brown. Mhandisi David Steinman alilichora. Hati fungani za karibu dola milioni 100 ziliuzwa mwishoni mwa 1953, ujenzi ukaanza Mei 1954, na tarehe 1 Novemba 1957 magari yakapita. Urefu wake wote ni kama kilomita 8. Minara yake miwili inapanda zaidi ya mita 160 juu ya maji, na sehemu inayoning'inia kati ya minara hiyo ina mita 1,158. Sitima haina haja ya kusubiri, inapita chini.

Na je, wajua idadi ya wafanyakazi waliokufa wakilijenga? Watano. Majina yao yamewekwa kwenye bamba la kumbukumbu karibu na daraja, na ni vyema.

Je, wajua kwamba kila mwaka, siku ya Wafanyakazi ya Marekani mwanzoni mwa Septemba, maelfu ya watu hulivuka daraja hilo kwa miguu, gavana akiwa mbele? Mwaka wa kwanza, 1958, walikuwa 68 tu. Mwaka uliofuata matembezi yakahamishiwa siku hiyo ya wafanyakazi, na tangu hapo wamekuja magavana wa vyama vyote, na kila mmoja amevaa raba akatembea.

Je, wajua kwamba mwaka 1955 Michigan ilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa rangi, dini na asili kwenye ajira, na kuunda tume ya kuisimamia? Hiyo ni miaka tisa kabla ya sheria ya taifa zima. Williams aliidai tangu alipoingia madarakani, na bunge la jimbo lilimpiga chenga mwaka baada ya mwaka. Detroit ilikuwa imejaa Weusi waliohama kutoka kusini kufuata kazi za magari, wakafika na kukuta kazi nzuri zimefungiwa mlango. Sheria peke yake haikuufungua mlango ule wote. Lakini ukinyimwa kazi kwa rangi yako, ulikuwa na ofisi ya kwenda kushtaki, na hicho si kitu kidogo.

Je, wajua kwamba aliteua jaji ambaye usiku aliandika riwaya? John Voelker, wakili wa rasi ya juu na mvuvi wa ndoano asiyechoka, aliingia Mahakama Kuu ya Michigan mwaka 1957 kwa uteuzi wa Williams. Mwaka uliofuata alichapisha, kwa jina la bandia la Robert Traver, riwaya ya kesi ya mauaji iitwayo Anatomy of a Murder. Ilinunuliwa kwa wingi mno, na mwaka 1959 mwongozaji Otto Preminger akaitoa kama filamu. Jaji hakukaa kitini muda mrefu baada ya hapo. Alirudi kwa samaki wake na kuandika.

Haraka haraka: wajua kwamba ni wakati wa Williams ambapo Chuo cha Jimbo la Michigan kilipandishwa kuwa Chuo Kikuu, mwaka 1955? Na kwamba chuo kikuu hicho, Michigan State, kilianzisha kituo cha masomo ya Afrika mwaka 1960, na Kiswahili kinafundishwa hapo?

Je, wajua siku iliyomharibia ndoto ya urais? Tarehe 7 Mei 1959. Siku hiyo serikali ya Michigan ilishindwa kulipa mishahara ya maelfu ya watumishi wake, na habari ikasambaa nchi nzima: jimbo la magari, lenye utajiri wote ule, limefilisika. Ukweli ulikuwa tofauti. Michigan ilitegemea mno kodi ya mauzo, ambayo katiba ya jimbo iliifunga isizidi asilimia 3, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda moja kwa moja kwenye shule na serikali za mitaa. Uchumi ulipoyumba mwaka 1957 na 1958, magari hayakununuliwa, viwanda vikapunguza watu, na hazina ikakauka. Williams alitaka kodi ya mapato, anayepata zaidi alipe zaidi, na makampuni nayo yachangie. Seneti ya jimbo, iliyokuwa mikononi mwa Republican, ikagoma. Ilitaka kodi ya mauzo ndiyo ipande, ambayo humbana mnunuzi wa unga sawasawa na mnunuzi wa gari la kifahari.

Watumishi walilipwa baadaye, lakini sura ya gavana ilikuwa imeshapakwa matope. Na je, wajua kilichofuata? Mwaka 1967 Michigan ilipitisha kodi ya mapato, chini ya gavana George Romney, ambaye ni wa Republican. Hoja iliyomwangusha Soapy ikawa sheria miaka minane baadaye kwa mikono ya chama kilichoikataa. Sioni namna ya kuyasoma matukio hayo isipokuwa kwamba alikuwa sahihi mapema mno.

Je, wajua kwamba mwaka 1960 alipomuunga mkono John Kennedy kugombea urais, alikuwa pia mmoja wa waliompinga waziwazi Lyndon Johnson kuwa mgombea mwenza? Wajumbe wa Michigan walihofu kwamba mtu wa Texas angezipunguza makali haki za Weusi. Kwenye mkutano mkuu wa Los Angeles, kura ilipopigwa kwa sauti, Williams alipaza sauti kukataa. Historia ina mizunguko yake: Johnson ndiye aliyetia saini sheria kubwa za haki za kiraia, na ndiye aliyekuja kuwa bosi wa Williams.

Je, wajua kwamba Kennedy alimteua Williams kushughulikia Afrika kabla hata hajamtangaza Waziri wa Mambo ya Nje? Ilikuwa Desemba 1960. Cheo kilikuwa Msaidizi wa Waziri wa Mambo ya Nje anayehusika na Afrika, na idara yenyewe ilikuwa imeanzishwa mwaka 1958 tu. Waliotarajia Soapy apewe wizara nzima waliona kama ametupwa pembeni. Kennedy alisema kwamba hakuna wadhifa katika serikali yake wenye uzito kuupita huo. Tukumbuke mwaka wenyewe: ndani ya 1960 peke yake nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na Kennedy mwenyewe alikuwa ameongoza kamati ndogo ya Seneti ya mambo ya Afrika.

Sasa Nairobi. Je, wajua hali ilivyokuwa pale Februari 1961? Kenya ilikuwa kwenye uchaguzi wa kwanza ambao ungewapa Waafrika wingi wa viti katika baraza la kutunga sheria. Chama cha KANU kilikuwa kikinadi kwamba Kenyatta aachiwe, naye Mzee alikuwa bado kizuizini Lodwar. Wazungu wa Kenya hawakufika 70,000, katikati ya watu zaidi ya milioni 8, na mashamba bora ya nyanda za juu yalikuwa mikononi mwao. Katikati ya joto hilo anashuka mgeni mrefu wa tai ya kijani, mwenye mazoea ya kumpa mkono kila anayemkuta njiani, awe waziri au mchuuzi. Waandishi wa habari wakamuuliza Marekani inataka nini Afrika. Jibu lake, kwa ufupi, lilikuwa kwamba wanachotaka ni kile Waafrika wenyewe wanachokitaka, na kwamba Afrika ni ya Waafrika.

Kesho yake ikawa moto. Magazeti ya walowezi na ya London yalidai kwamba amewaambia Wazungu wafungashe. Wabunge wa Uingereza wakahoji, malalamiko yakafika Washington. Williams akafafanua kwamba kwa Waafrika alimaanisha kila anayeifanya Afrika kuwa nyumbani kwake, wa rangi yoyote. Hakuyafuta maneno yake.

Je, wajua Kennedy alisema nini? Tarehe 1 Machi 1961, kwenye mkutano na waandishi, aliulizwa kuhusu msaidizi wake. Angeweza kumruka, kama wakubwa wafanyavyo watu wao wanapochokoza nyuki. Badala yake alijibu kwamba haelewi Afrika ingekuwa ya nani mwingine. Waandishi wakacheka, na mjadala ukaishia hapo. Inafaa watoto wa shule za Kenya na Tanzania wajifunze jibu hilo, kwa sababu lilitolewa wakati Tanganyika haijapandisha bendera yake, Uganda imebakiza zaidi ya mwaka mzima, na Kenya karibu miaka mitatu.

Je, wajua kwamba mwaka huo huo Williams alipigwa ngumi? Ilikuwa Agosti 1961, uwanja wa ndege wa Lusaka, wakati Zambia ikiitwa bado Rhodesia ya Kaskazini. Mzungu mmoja mkazi wa huko alimsogelea akamtandika usoni. Williams hakurudisha ngumi, aliendelea na safari zake. Mwaka 1963 ulipokwisha, lile Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland ambalo walowezi walikuwa wakilipigania likawa limevunjwa, na Oktoba 1964 Zambia ikawa huru.

Je, wajua kwamba ndani ya serikali yake mwenyewe alikuwa na wapinzani wengi kuliko Nairobi na Lusaka? Waziri Dean Rusk na wakubwa wengine waliiona Afrika kama jukumu la Ulaya kwanza. Wanajeshi walitaka Ureno isiudhiwe kabisa, kwa sababu kituo cha ndege za Marekani kilikuwa kwenye visiwa vyake vya Azores. Hata hivyo, Machi 1961 Marekani ilipiga kura Umoja wa Mataifa dhidi ya Ureno kuhusu koloni lake la Angola, jambo lililowashtua washirika wake. Williams aliisukuma serikali pia isiiuzie silaha Afrika Kusini ya ubaguzi, na Agosti 1963 Marekani ilitangaza kwamba mauzo hayo yangekoma mwisho wa mwaka. Kuhusu Kongo, alisimama na Umoja wa Mataifa dhidi ya kujitenga kwa jimbo la Katanga, kujitenga kulikozimwa Januari 1963.

Hakushinda yote, na hapa sitaki kumpamba. Ureno iliendelea kupata silaha kupitia NATO, na wapigania uhuru wa Msumbiji walioondoka Dar es Salaam kwenda kupigana walizikuta mbele yao. Novemba 1964 ndege za Marekani ziliwashusha makomando wa Ubelgiji Stanleyville, Kisangani ya leo, na Afrika nzima ikapiga kelele. Wakati huo suala la Kongo lilikuwa limeshaondolewa mikononi mwake na kukabidhiwa mwanadiplomasia Averell Harriman.

Je, wajua kwamba katika miaka yake hiyo Marekani ilikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga huko Tunguu, Unguja? Kilisaidia kufuatilia safari ya John Glenn aliyeizunguka dunia Februari 1962. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Rais Karume aliagiza kiondolewe, na kikaondolewa mwezi Aprili.

Na je, wajua kwamba Januari 1965 Tanzania iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani kwa tuhuma za njama, kutokana na mazungumzo ya simu yaliyosikilizwa? Mmoja, Frank Carlucci aliyekuwa Zanzibar, alikuja kuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani mwaka 1987. Williams, aliyekuwa ameitangaza Marekani kama rafiki wa uhuru, sasa alikuwa na kazi ya kuzima moto wa kutoaminiana na nchi ya Mwalimu Nyerere.

Alijiuzulu Machi 1966. Akagombea useneti wa Marekani kutoka Michigan mwaka huo huo, akamshinda meya wa Detroit, Jerome Cavanagh, ndani ya chama, kisha akaangushwa na Robert Griffin wa Republican. Mwaka 1968 akapelekwa balozi Ufilipino, nchi ambako mwalimu wake Murphy aliwahi kuwa mwakilishi mkuu wa Marekani miaka ya 1930.

Je, wajua kwamba baada ya yote hayo alianza kazi mpya akiwa na karibu miaka 60? Majaji wa Mahakama Kuu ya Michigan huchaguliwa na wananchi. Williams alisimama mwaka 1970 akashinda, akashinda tena mwaka 1978, na wenzake wakamchagua Jaji Mkuu kuanzia 1983. Alistaafu mwisho wa 1986, kwa kuwa katiba ya jimbo haimruhusu aliyefikisha miaka 70 kugombea ujaji tena. Waliowahi kuwa gavana na pia Jaji Mkuu wa Michigan ni wa kuhesabu kwa vidole. Alifariki dunia Februari 1988, akazikwa Kisiwa cha Mackinac, ambako magari yamepigwa marufuku tangu karne ya 19.

Na wajua jina la kitabu alichochapisha mwaka 1969 kuhusu miaka yake ya Afrika? Africa for the Africans, maneno yale yale ya Nairobi. Vinyago na kazi nyingine za sanaa alizokusanya yeye na mkewe Nancy katika safari zao barani humu waliviachia jumba la sanaa la Detroit, kwa ajili ya watu wa mji ule wa viwanda, ambako Waamerika Weusi leo ndio wengi.